Ndoo ya Vipepeo

Watu wa Kasenyi wakiniona napita na ndoo hadi leo hucheka pembeni, na mimi huwaacha wacheke. Haya nilikuwa nayo, tena nyingi, lakini iliniishia asubuhi moja ya Jumamosi mwaka 1982, mbele ya wachimbaji wanane, mke wa mmoja wao, na mwanamume aliyekuwa ametuma posa kwangu. Wewe uliyebaki na haya yako itunze vizuri, ni mali.

Jina langu Mwasiti, ingawa wengi huniita Mama Shaaban kwa jina la mwanangu anayefanya kazi Mwanza. Marehemu mume wangu alikuwa akipeleka samaki wakavu kutoka Chato hadi Geita, na alipofariki nilibaki kwenye nyumba yetu Kasenyi, mwendo wa nusu saa kutoka msituni. Ule msitu haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa msitu kweli, ambao haujaonja shoka tangu dunia iumbwe. Mchana wa jua kali ukiingia mle unasikia ubaridi kama umeingiza kichwa kwenye mtungi.

Mwaka uliotangulia alikuja Bwana Athanas, mtu wa makumbusho kutoka Dar es Salaam, mwenye kaptura na soksi ndefu, akapanga chumba kwangu. Alisema anatafuta vipepeo. Kijiji kizima kiliamini ni mpelelezi wa magendo, kwa sababu mtu mzima aliyesoma hawezi kuacha mke nyumbani akaja kukimbiza vipepeo. Mimi nilimfuata msituni siku ya tatu ili nihakikishe, na nikakuta kweli anakimbiza vipepeo, tena anaanguka. Nikamhurumia nikaanza kumshikia wavu.

Vipepeo wenyewe walikuwa wadogo, hawazidi ukucha wa kidole gumba. Wakikunja mabawa ni wa kijivu, hata ukiwatazama huwaoni. Wakiyafunua, unaona bluu ambayo sijaiona kwenye kanga wala kitenge, na mabawa yenyewe ni mepesi kiasi kwamba ukiyaweka kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Nyuma wana vimkia vyembamba kama uzi, na penye mzizi wa vimkia pana doa jeusi kama jicho. Bwana Athanas aliniambia kwamba hicho ni kichwa cha uongo. Kipepeo akitua huvichezesha vile vimkia, ndege anadhani ndicho kichwa, anadonoa huko, naye kipepeo anakwenda zake amepungukiwa kipande cha bawa tu. Nilicheka siku nzima. Nilisema Mungu kumbe naye anawapenda wajanja.

Lakini wajanja wale walikuwa na nyumba moja tu. Viwavi wao waliishi kwenye miti mitano mikubwa katikati ya msitu, miti yenye sisimizi weusi. Sisimizi waliwachunga viwavi kama Msukuma anavyochunga ng'ombe, wakiwalamba maji matamu mgongoni na kumfukuza kila mdudu aliyesogea. Bwana Athanas alikuwa amezunguka misitu mingi na hakuwahi kuwaona penginepo. Miti ile mitano ikiondoka, alisema, na wao wameondoka, hakuna wa kuwarudisha.

Basi akaniachia kazi. Mwezi wa sita angerudi na wakubwa wa misitu wawaone vipepeo kwa macho yao, ndipo wakubali kupahifadhi pale. Shida ni kwamba vipepeo wale hukaa vileleni, na wakubwa hawapandi miti. Ili washuke, lazima udongo ulowane na uwe na chumvi, na wazoezwe mapema kushukia mahali pamoja. Mwaka ule chumvi ilikuwa ikigawiwa kwa vijiko kwenye duka la kijiji, na mwanamke ambaye angeonekana anaimwaga porini angepigwa na wenzake kabla polisi hawajafika. Bwana Athanas akakohoa, akatazama upande wa dirishani, akasema ipo njia nyingine. Mkojo uliolala, alisema, unafaa kuliko chumvi.

Nilikaa siku mbili nikiwa nimenuna, siku ya tatu nikatafuta ndoo.

Kuanzia hapo kila asubuhi, watu wakielekea shamba, mimi nilielekea msituni na ndoo kichwani, nimeifunika kwa majani ya mgomba na juu yake kanga. Aliyeniuliza nilimwambia ni maji ya kumwagilia miche ya makumbusho. Namwaga pale kwenye uwazi chini ya ile miti mitano, nakaa kando kwenye mzizi. Ikifika saa nne jua linapenya, na wao wanaanza kushuka, mmoja, wawili, kumi, mpaka ardhi inageuka bluu na inapumua. Nakwambia ukweli, nilikuwa mjane wa miaka sita, na hakuna kitu katika miaka ile kilichonifurahisha kama kukaa kwenye ule mzizi.

Wakati huohuo Fundi Sabiti, mshonaji pale karibu na duka la kijiji, mjane mwenzangu, alikuwa amemtuma Bi Mwahija kuja kunipima maneno. Bi Mwahija ni jirani yangu, mwanamke wa umri wa bibi zetu, aliyejua habari za kila nyumba kabla ya wenyewe. Fundi Sabiti alikuwa mtu safi mno, kanzu yake haina doa, hata kamba ya kupimia aliikunja kama msala. Nilimtaka. Lakini nilimwambia Bi Mwahija nitajibu baada ya mwezi wa sita, kwa sababu nilijua siwezi kuolewa na mtu yule huku nikibeba ile ndoo, na ndoo nilikuwa sijawa tayari kuiacha.

Mwezi wa pili akaja Ngassa. Ngassa ni mtoto wa mjomba wangu, maana mama yangu alikuwa Msukuma wa Kishapu. Ukame ulikuwa umemkaushia pamba miaka miwili mfululizo, akaja upande wetu kutafuta dhahabu na wenzake saba. Walichimba huku na kule, hawapati. Siku moja akaingia msituni kutafuta magogo ya kuzuia kuta za shimo, yale ambayo wachimbaji huyaita matimba, na akafika pale kwenye uwazi saa nne na nusu, mimi nikiwa nimeshaondoka.

Jioni alikuja kwangu mbio. Alinieleza ameona vipepeo wa bluu mia na zaidi wameng'ang'ania ardhi, wanainyonya. Kwa mchimbaji hiyo si habari ndogo. Wao husoma wadudu kama wengine wanavyosoma barua. Wakiona kichuguu wanachukua udongo wake wanauosha, kwa kuwa mchwa huleta juu kilichoko chini. Na Ngassa alikuwa amefanya kazi kwenye mashimo makubwa upande wa Geita, na kila shimo lililotoa dhahabu, alisema, lilikuwa na vipepeo mdomoni. Hapa niliinama nikajifanya napuliza moto. Shimo linalotoa dhahabu lina wanaume arobaini, na wanaume arobaini hawaendi mbali kujisaidia. Shimo tupu halina mtu, kwa hiyo halina kipepeo.

Akasema Jumatatu wanaanza. Ile miti mitano wanaikata kwanza, inafaa kwa matimba, halafu wanashuka chini palepale.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa machache kabisa: Ngassa, ule ni mkojo wangu. Lakini nilimwona Bi Mwahija anapita uani, nikaona kanzu ya Fundi Sabiti inavyozunguka kijijini na habari hiyo, na ulimi ukagoma. Nikamwambia tu kwamba ule msitu una watu wa serikali. Akacheka, akasema watu wa serikali hawajui hata njia ya kufikia.

Nililala vibaya. Asubuhi nikiwa nafagia nikakumbuka kichwa cha uongo, nikaacha fagio palepale.

Pembeni mwa msitu kulikuwa na korongo la mchanga, halina mti wa maana, halina chochote. Nikaacha kabisa kumwaga kwenye ile miti, nikahamia korongoni. Ili vipepeo wahame haraka nilihitaji ndoo nyingi, na mtu mmoja ana kiasi chake hata akinywa uji kutwa. Nikaenda kwa Bi Mwahija nikamwambia kwa umri wake hafai kuhangaika na chungu chake cha chumbani, mimi nitakimwaga kila alfajiri. Aliniombea dua kwa wema wangu, akasema mke kama mimi Fundi Sabiti hatapata tena. Nikaitikia amina.

Ilipofika Jumapili korongo lilikuwa la bluu. Jumatatu Ngassa na wenzake walipoenda kwenye miti mitano na mashoka walikuta ardhi kavu, kipepeo hata mmoja hayupo. Walipotoka nje ya msitu wakawakuta wote korongoni. Nilitegemea watashangaa kidogo. Hawakushangaa hata chembe. Mchimbaji yeyote anajua dhahabu inatembea, leo iko hapa kesho imehama. Ngassa alipiga magoti akaushika mchanga kwa mikono miwili, na mashoka yakarudi begani. Ndege alikuwa amedonoa mkia. Nilirudi nyumbani naimba, nikapika wali siku ya Jumatatu kama vile ni sikukuu.

Furaha ile ilidumu wiki tatu. Walichimba, wakaosha, hawapati kitu, lakini vipepeo wapo, nao wakazidi kuchimba. Mimi nilishaacha kupeleka ndoo korongoni. Haikuhitajika tena, sasa kulikuwa na wanaume wanane. Ukuta wa mchanga ukaporomoka mara moja, ukamzika mmoja hadi kiunoni, wakamchomoa akicheka. Ngassa akakonda, macho yakawa makubwa. Kila nilipompelekea uji aliniambia bado kidogo, dada, vipepeo hawaongopi.

Kisha mkewe akaja kutoka Kishapu, mtoto mgongoni, na kikapu cha karanga kwa ajili yangu. Anaitwa Mbuke. Aliniamkia kwa magoti, akaniita mayu, yaani mama, ingawa mimi ni wifi yake, kwa sababu alisema mtu anayemlisha mumewe ugenini ni mama. Tukamenya karanga pamoja. Akanieleza kwa sauti ya kawaida tu kwamba jozi moja ya maksai wao imekwenda ili Ngassa na wenzake wale na wanunue zana. Jozi ya pili itapelekwa mnadani Mhunze wiki ijayo. Nikamuuliza, mtalima na nini mvua zikija? Akasema watalima kwa mikono, na kama hawatamaliza basi, kwani Ngassa ameona ishara, na yeye hajawahi kumwona akiwa na hakika hivyo juu ya kitu chochote.

Niliendelea kumenya lakini sikuona karanga. Nilijichukia, nasema waziwazi. Nilikuwa nimefurahia ujanja wa kipepeo na kusahau kwamba lazima kuna ndege anayebaki na njaa, na ndege yule alikuwa mtoto wa mjomba wangu.

Lakini hofu nayo ilikuwa na pande mbili, tofauti na mwanzo. Nikisema, niliwaza, watairudia miti. Wamekosa korongoni, wana mashoka, na wana hasira na mimi. Wataikata hata kwa kunikomoa. Na Fundi Sabiti ndiyo basi. Nilikaa na hayo mpaka karanga zikaisha, nikaona kwamba yote mawili yanaweza kutokea na bado wale maksai hawana kosa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Niliamka, nikajaza ndoo kwa chungu changu na cha Bi Mwahija, na safari hii sikuifunika. Nilipita nayo katikati ya kijiji. Nilipofika kambini kwao korongoni niliwakuta wote wanane, na Mbuke anakoka moto, na kando yake, kwa bahati ambayo mimi peke yangu ningeweza kuipata, Fundi Sabiti amewaletea suruali zao alizozitia viraka.

Nikatafuta mahali pagumu, mbele ya kibanda cha Ngassa, udongo uliokanyagwa mpaka ukawa sakafu. Nikamwambia Ngassa achague mwenyewe kama pana dhahabu hapo. Akasema hapawezi kuwa na kitu, ni mwamba tupu, walishagonga. Nikamwaga ndoo yote. Harufu ilijitambulisha yenyewe. Nikawaomba wakae wasubiri saa nne.

Walikaa, nadhani kwa sababu walifikiri nimerukwa na akili na mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha peke yake. Fundi Sabiti alisimama mbali kidogo akiwa ameshika suruali. Jua likapanda. Yule wa kwanza alikuja akazunguka, akatua. Akaja wa pili. Kabla chai haijachemka mlango wa Ngassa ulikuwa umejaa bluu tupu, wanachezesha vimkia vyao bila wasiwasi.

Ngassa aliwatazama, akanitazama.

"Mkojo wa nani?" akauliza.

"Wangu. Na wa Bi Mwahija, lakini yeye hajui."

"Na kule msituni?"

"Wangu."

"Na hapa korongoni?"

"Wangu kwanza. Halafu wenu."

Nikawaeleza yote, ya miti mitano, ya mwezi wa sita, ya kichwa cha uongo, na kwamba niliwahamisha vipepeo kwa makusudi. Nikamwambia Ngassa nimemkosea yeye na mkewe, na sina cha kuwalipa isipokuwa kumwomba asiwapeleke wale maksai mnadani. Nilikuwa nalia, wala sikuficha.

Mmoja akaanza kucheka kwa ndani, mwingine akamfuata, kisha wote, mpaka mmoja akalala chini. Ngassa hakucheka. Mbuke naye hakucheka. Alifunga mtoto vizuri mgongoni, akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo maksai wanabaki," akasema.

Ngassa akatikisa kichwa kukubali. Jumatatu yake waliondoka wote wawili kurudi Kishapu. Kwangu hakupita kuniaga. Mbuke ndiye aliyepita, akanisalimu mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akachukua kikapu chake, na kunifinya mkono. Ilipita miaka miwili ndipo Ngassa alipoweza kuitaja habari ile, na alipoitaja aliisimulia kwa kuongeza chumvi hadi mimi mwenyewe sikuitambua.

Na ile miti? Nilingoja mashoka siku nzima ya Jumapili. Hayakuja. Wenzake Ngassa walikunja vitu vyao wakaelekea mashimo ya Geita, na huko walikopita waliitangaza habari. Kuanzia hapo mchimbaji akiona kipepeo wa bluu ardhini anaziba pua na kupita mbali. Hapo nikaelewa ujinga wangu. Ile kweli niliyoiogopa ndiyo iliyokuwa ulinzi wa miti, na kama ningeitoa siku ya kwanza, pale jikoni, jozi ya kwanza ya maksai ingekuwa bado zizini.

Lakini mwezi wa sita ulikuwa unakuja, na vipepeo walishazoea korongoni na kambini. Ilibidi niwarudishe kwenye uwazi wao, na nilihitaji ndoo nyingi kuliko zamani. Bi Mwahija alishakuja kuchukua chungu chake, akanisema mbele ya kisima maneno ambayo sitayaandika. Kwa Fundi Sabiti kulikuwa kimya. Nilipopita barabarani cherehani yake ilikuwa ikienda mbio, na yeye hakuinua uso. Wiki ya kwanza, ya pili. Nikajiambia, Mwasiti, ulichagua mwenyewe, usimlaumu mtu. Kila asubuhi nilibeba robo ndoo yangu, nikamwaga, wakashuka watano, sita. Nililia kidogo kwenye ule mzizi, si kwa ajili ya vipepeo.

Wiki ya tatu, asubuhi, nasikia hodi. Ni Bi Mwahija, uso ameukunja, na mkononi ana ndoo mpya ya bati yenye mfuniko wake. Aliiweka chini mbali na kanga yake, kwa uangalifu mno.

Akasema ametumwa na Fundi Sabiti. Akasema katika maisha yake amepeleka posa nyingi, za vitenge, za mbuzi, hata ya baiskeli, na kwamba akifa asikumbukwe kwa hii. Fundi anauliza, akasema, kama jibu la mwezi wa sita bado lipo. Na anauliza tena, astaghafirullah, kama wa mwanamume nao unawafaa wale wadudu.

Nikafunua mfuniko. Ndoo haikuwa tupu.

Nikaifunika tena, nikakaa kizingitini. Nilicheka, nikalia, na Bi Mwahija akatazama juu kama anayengoja mvua.

"Mwambie unawafaa," nikasema. "Na kesho asikutume wewe. Ailete mwenyewe, msituni, kabla ya saa nne."